Mwaka Lepe Alipofika Kichwani

Jina la Lepe hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake wenzake wa bondeni, na hawakumwonea. Mwanamke huyu alikuwa na kipaji cha kusinzia akiwa wima. Alipandikiza mpunga kope zimeshikana, vidole vikichovya matopeni, vikiacha mche na kurudi kuchukua mwingine, na mistari yake ilinyooka kuliko ya walio macho. Ukimwuliza jambo alikujibu, tena kwa adabu, na kesho yake hakumbuki kama mliongea.

"Msimwamshe," walisema wenzake. "Mkimwamsha ataanza kupinda mistari."

Mwenyewe alikana. Alisema halali, anasikiliza maji. Maji ya mfereji, kwa maelezo yake, hayasemi kitu kimoja siku zote. Yakiwa mengi huongea kwa sauti nzito na hayana haraka. Yakipungua huanza kulalamika kwenye mawe. Yeye alizisikia sauti hizo tangu alipoolewa bondeni, na miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja tu, kusimama mahali ambapo maji hufika kwanza.

Sasa nikueleze habari za mstari wao, maana bila hizo hutaelewa kitu. Mfereji ulitoka kwenye banio la mto, pale maji yanapozuiwa, ukashuka kando ya majaruba kumi na mawili ya mpunga, moja baada ya jingine. La kwanza waliliita la kichwani, la mwisho la mkiani. Wa kichwani hupata maji yakiwa bado na nguvu na tope jeusi la mto. Wa mkiani hupata yaliyobaki, na mwaka wa ukame hupata habari tu.

Kwa hiyo waliotangulia walikuwa wamewaachia utaratibu wa kushuka. Kila mwaka baada ya mavuno, kila mtu alihama jaruba moja kwenda chini, na yule wa mkiani akapanda kichwani. Mwenye jaruba hakuwepo, alikuwepo mwenye zamu. Ndiyo maana wa kichwani, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, alifunga mlango wake na kuyaachia yashuke, bila kusukumwa na mtu. Usifikiri alikuwa malaika. Alijua tu kwamba miaka inatembea, na upo mwaka atakaokuwa chini akitazama juu.

Kuhama huku kulikuwa na kichekesho chake. Miguu haijui kalenda. Mtu aliyezoea jaruba lake mwaka mzima aliamka alfajiri, akatia jembe begani, na kabla akili haijamfikia miguu ilishampeleka kwenye jaruba la mwaka jana. Akapiga palizi, akatoa jasho, kumbe anamfanyia kazi jirani. Jambo hilo waliliita kupalilia jana. Lilimpata kila mmoja, na sheria yake ilikuwa ndogo na ya kikatili: anayepalilia jana haamshwi mpaka amalize mstari.

Mwaka uliopita Lepe alikuwa mkiani, na ukame ukaja na mabegi yake kabisa, kama mgeni asiye na nia ya kuondoka. Mpunga wake ulifika magotini ukasimama. Alivuna pumba. Wifi yake, mdogo wa mume wake, mjane mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi, alikuwa jaruba la juu yake, naye hakupata cha kujisifia. Jioni walikaa kwenye tuta wakichekana ili wasilie.

"Wewe mwakani unapanda kichwani," wifi alimwambia. "Mimi ndio naingia hapa pako. Uniachie basi hata chura mmoja wa kunifariji."

"Nitakuachia wote. Wamekonda lakini."

"Mwaka mmoja tu, wifi. Nitaung'atia meno. Halafu na mimi nipande."

Basi Lepe akapanda. Asubuhi ya kwanza kichwani ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde, na yeye alisimama ndani yake asione mikono yake mwenyewe. Akasikia maji yakiingia. Yalikuja kwa ile sauti nzito aliyozoea kuisikia kwa mbali, safari hii yakapita katikati ya vidole vya miguu yake kabla hayajamgusa mtu mwingine yeyote bondeni. Alisimama hapo mpaka ukungu ukaondoka na jua likamkuta analia, mwenyewe hana habari. Furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliogopa kuisimulia nyumbani.

Na mwaka huo huo mradi ukafika. Ulikuwa mradi wa kuwasaidia wakulima wadogo kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na sitausingizia, ulileta mambo ya maana. Mfereji uliokuwa ukivuja kila mahali ulijengwa kwa saruji. Milango ya mbao iliyooza ikang'olewa, ikawekwa ya chuma, yenye gurudumu la kuzungusha juu yake. Ilikuja mbegu inayovumilia kiu, na juu ya yote ikaja ahadi ya bima, kwamba jaruba likikauka mtu atafidiwa.

Mtaalamu wa mradi alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, anayevua viatu vyake na kuingia matopeni kama watu wengine. Alieleza bila kujivuna.

"Setilaiti inatazama jaruba, mama zangu na baba zangu. Haimtazami mtu. Jaruba likikauka tunamlipa mwenyewe. Sasa mwenyewe ni nani, ikiwa kila mwaka mnapokezana? Na hili la kusawazisha ardhi, nani atajitesa kusawazisha shamba la kumwachia mwenzake?"

Kwa hiyo mradi ulipendekeza kila mtu abaki pale alipokutwa, moja kwa moja. Wafikirie kwanza. Baada ya palizi mkutano ungeitishwa, waseme wamekubali au wamekataa.

Wa juu walifikiri upesi sana. Wa chini walifikiri taratibu, huku wakitazamana. Lepe hakufikiri kabisa. Alisimama kwenye jaruba lake la kichwani akisikiliza, akajiona amezeeka hapo hapo, mvi kichwani na maji miguuni, hashuki tena.

Nyumbani mume wake alikuwa ameshakata shauri. Alikuwa fundi baiskeli, na chumba cha mbele kilijaa magurudumu yaliyoning'inia darini na harufu ya mpira na gundi. Siku hizi alifanya kazi karibu na mlango, mwanga ulipo, na hata hapo gurudumu lililopinda alilipima kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa yanampungia mkono wa kwaheri.

"Mama watoto," alisema akizungusha tairi, "safari hii Mungu ametukumbuka."

"Na mdogo wako je? Mwakani ilikuwa zamu yake kupanda."

"Ilikuwa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

"Atakwama mkiani maisha yake yote, baba. Maisha yote!"

Fundi aliliacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe. "Unadhani sijui? Yule nimembeba mgongoni. Lakini nitazame mimi. Nikishindwa kabisa kuona, na hiki chumba kikafungwa, tutakula nini? Ndoto zako?"

Alichosema mume wake kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomnyima Lepe usingizi kitandani, yeye ambaye usingizi humfuata hata njiani.

Labda kwa sababu hiyo asubuhi iliyofuata aliamka mzito kuliko siku zote. Alitia jembe dogo la palizi begani akatoka. Ukungu ulikuwa mwingi, njia nyembamba, na miguu yake ilikwenda yenyewe. Alifika, akainama, akaanza kung'oa magugu. Mikono ilifanya kazi yake na yeye akazama kwenye usingizi wake wa wima, mahali pale pa kijivu ambapo huota anapanda mpunga juu ya maji yasiyo na kingo.

Akaamshwa na ukimya. Hakukuwa na maji. Hayakuongea wala kulalamika, hayakuwepo kabisa. Alifumbua macho akaona ardhi imepasuka, nyufa za kuingia kidole, na mpunga uliokunja majani yake kwa kiu. Akageuza shingo. Kwenye tuta alikaa wifi yake, kidevu mkononi, anamtazama.

"Endelea, wifi, endelea. Mstari ule wa pale bado."

"Jamani! Umeniacha tu?"

"Nikuamshe kwa nini? Kibarua wa bure anapatikana wapi siku hizi?"

Wakacheka, na Lepe akaketi kwenye tuta na kujipiga mapaja kwa aibu. Alikuwa amepalilia jana, tena barabara. Lakini kicheko kilikuwa chembamba, kikaisha mapema.

"Maji yalikuja lini hapa?"

"Maji yapi hayo?" Wifi alichukua donge la udongo akalivunja kwa vidole likawa vumbi. "Yanafika katikati pale yanapumzika. Saruji mpya, milango mipya, kila kitu kipya. Kila mtu anajaza. Zamani walikuwa wanafunga kwa sababu wanajua watashuka. Sasa wanashuka kwenda wapi? Hata wewe unajaza, wifi."

"Mimi nafunga!"

"Unafunga ukiamka."

Alisema bila chuki, na ndiyo maana maneno yalichoma. Lepe aliondoka bila kuaga vizuri. Alipanda bonde akitazama milango ya watu, yote imeachwa wazi, mpaka akafika kwake. Mlango wake ulikuwa wazi pia. Maji yalikuwa yamepita kifundo, yamepita kiasi cha haja ya mpunga, yanamwagika upande wa pili kwenye majani ya ng'ombe.

Alisimama akayatazama. Hakuwa amesinzia zaidi ya miaka mingine. Miaka mingine, hata usingizini, kitu fulani ndani yake kilikesha kikimlindia wa chini, kikamgutusha maji yalipotosha. Sasa kitu hicho nacho kililala, maana hakikuwa na sababu ya kukesha. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumpandisha joto masikioni hali yuko peke yake.

Akazungusha gurudumu la chuma akafunga. Maji yakashuka hadi kwa wa pili, mwenyekiti wa wakulima, mtu wa tumbo na maneno, naye akayapokea yote. Hata tone halikupita. Lepe akaelewa kwamba huruma yake peke yake haifiki mkiani.

Siku ya mkutano walikusanyika kwenye baraza la ghala la mpunga. Mtaalamu alirudia maelezo yake, kisha mwenyekiti akajikohoza. Wanaotaka kubaki walipo, alisema, wasimame upande wa ukuta. Wanaotaka kuendelea kushuka, upande wa mlango. Viatu vikaburuzwa. Wa juu wakaenda ukutani bila kuangaliana. Wa chini wakaenda mlangoni. Watu sita huku na sita kule, ndivyo ingekuwa, ila wa ukutani walikuwa watano. Lepe alibaki katikati ya baraza, macho yamefumba.

"Huyo tena," mwenyekiti alisema. "Mwamsheni aende ukutani tumalize."

"Niko macho," Lepe alisema, akafumbua. "Mimi ndiye wa kichwani. Nimeshuka jaruba kwa jaruba mpaka nikafika mkiani, na mkiani nikavuna pumba. Jaruba lile nalipenda, jamani. Nalipenda mpaka naona aibu. Lakini tangu niambiwe ni langu, nimeshaanza kumwibia wifi yangu maji, na sikujua. Nikikaa pale siku zote sitakuja kujua kamwe. Sitakuwa na haja."

Akamgeukia mtaalamu. "Mwanangu, setilaiti yenu haiwezi kutazama mstari mzima kama shamba moja? Ukame ukitupata, umetupata wote."

Mtaalamu alifikiri, hakukimbilia kujibu. "Kutazama inaweza, mama. Kulipa hivyo ndiyo hawajawahi. Sitaki kukudanganya. Mkikataa leo, bima haitawafikia msimu huu. Hoja yako nitaipeleka na nitaisimamia, lakini siwezi kuahidi watakachosema."

"Umesikia?" mwenyekiti aliruka. "Ukame ukirudi utatulisha wewe?"

Lepe alisikia sana. Aliiona mbegu yake ikikauka bila fidia, akauona mkono wa mume wake ukipapasa gurudumu. Nje, kando ya baiskeli, fundi alikuwa amesimama jua kali, uso umeelekea barazani, na kwa umbali ule Lepe hakujua kama anamwona au anaona kivuli tu. Alitamani amwombe ruhusa. Alitamani pia arudi asubuhi ile ya ukungu, ambapo hakuna mtu aliyemwuliza kitu. Kisha akatembea, akasimama upande wa mlango, na baraza zima likapiga kelele mara moja.

Saba kwa watano. Majaruba yangeendelea kuzunguka. Wifi hakumkumbatia wala hakusema asante. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akatangulia kushuka bondeni kuzibua mdomo wa mfereji wake.

Lepe alipanda kwenda kwake akafunge mlango, na njiani alijiandalia maneno ya kumwambia mume wake usiku. Hakuyahitaji. Fundi alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, anapapasa gurudumu la chuma kwa vidole, analizungusha robo kwa robo, na maji ya jaruba la kichwani yalikuwa yanakatika.

"Usidhani nimefurahi," alisema bila kugeuka.

"Sijadhani."

"Nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka mavuno." Alikaza mara ya mwisho, akajaribu kama limeshika. "Lakini ni mdogo wangu."

Maji yakageuka, yakashuka. Lepe akafuatana nayo. Hilo hakuwahi kulifanya maishani, kutembea sambamba na ncha ya maji kwenye mfereji mkavu. Yalikwenda polepole, yakisukuma majani makavu na povu na siafu waliokuwa wakihama, yakisimama kwenye kila kizuizi kama yanauliza njia. Alisinzia, hakusinzia, hata yeye hakuweza kusema. Jua lilikuwa limelainika. Kwa mwenyekiti alidhani safari imekwisha, lakini mwenyekiti alikuwa kwenye mlango wake, amenuna, maji yake kifundoni, na alipomwona Lepe alizungusha gurudumu akafunga kwa kishindo. Mwakani naye angeshuka. Wa tatu akafunga. Wa nne alikuwa ameshafunga kabla hawajafika. Maji yakapita majaruba, na kila lilipofungwa lango yalinyanyuka kidogo na kuongeza mwendo, mpaka Lepe akalazimika kukunja khanga na kutembea upesi ili yasimwache.

Yalifika mkiani jua likitua. Ardhi iliyopasuka iliyanywa kwa sauti, nyufa zikitoa mapovu, na wifi akarukia matopeni akakanyaga nyufa zisiyameze yote. Lepe akaingia, wakakanyaga wote wawili, wameshikana mabega, mpaka mpunga ukaanza kulowa mashina.

"Ukishashuka, utarudi lini kule juu?" wifi aliuliza, akihema.

"Miaka kumi na miwili. Nitakuwa natembelea mkongojo."

"Au usirudi."

"Au nisirudi." Ilimuuma kulisema, ikamuuma zaidi kulisikia kwa sauti yake. Machozi yalitoka na hakuyaficha, na wifi hakumwambia anyamaze.

Waliendelea kukanyaga. Kisha wifi akasimama.

"Wifi. Mwakani nikiwa kichwani, nikalewa na yale maji kama wewe, nikaacha mlango wazi. Utanifanya nini?"

Lepe alifikiri, macho yakiwa yamefumbuka kabisa.

"Nitapanda nikufungie," alisema. "Na ukinifukuza, nitapanda tena."